Ugumu kwa Bei ya Kutu

Karakana ya kisa hiki usiitafute, hutaiona. Nimeitunga pamoja na watu wake ili lawama isimwangukie fundi wa mtu. Ila yaliyotokea ndani ya tanuri lake si ya kutunga. Hutokea popote chuma kinapotiwa nitrojeni kwa plazma, na yamewakuta hata wenye mitambo mizuri kuliko ya kisa chetu. Basi chukua matukio, wahusika waache.

Ilikuwa karakana ya mji wa bandari. Ilianza kwa kukereza shafti na kuchonga gia, ikakua mpaka ikanunua tanuri la plazma. Tanuri lenyewe lilikuwa pipa la chuma refu kuliko mtu, lenye kuta mbili zinazopitisha maji ya kupoza katikati yake, na kidirisha cha kioo kinene ubavuni. Vifaa hupangwa ndani, mfuniko hufungwa, pampu huvuta hewa mpaka kubaki ombwe. Kisha huingizwa mchanganyiko wa nitrojeni na haidrojeni, kidogo sana: kanieneo ya milibari 3 hivi, wakati hewa tunayovuta sisi ni kama milibari 1,000. Vifaa huungwa upande hasi wa umeme, ukuta wa tanuri upande chanya, na kati yao huwekwa volti mia kadhaa. Gesi huvunjika ikawa ayoni, ayoni zikaenda kasi kugonga vifaa, na kila kifaa kikavaa utando wa mwanga wa zambarau.

Mapigo hayo hufanya kazi tatu kwa mpigo mmoja: hukipasha kifaa moto, husugua uchafu na kutu nyembamba juu yake, na huleta nitrojeni inayopenya ndani. Tofauti na njia nyingine za kutia nitrojeni, hakuna chumvi ya sumu ya kuyeyusha, hakuna harufu ya amonia. Chuma hutoka kigumu juu na chenye ugumu wake wa kawaida ndani, na kwa kuwa hakikuchovywa kwenye mafuta kikiwa chekundu, hakipindi ovyo. Njia hii ilianzishwa Ujerumani na Bernhard Berghaus miaka ya 1930, lakini kuudhibiti umeme wake kulikuwa kugumu kwa vyombo vya wakati ule, hivyo ikachukua miongo kadhaa kabla ya kuenea viwandani. Siku hizi umeme hutolewa kwa vipindi vifupi vifupi, unawaka na kuzima mara maelfu kwa sekunde, na cheche kubwa zilizokuwa zikiunguza vifaa zimepungua sana. Tanuri limekuwa jepesi kuendesha. Hapo ndipo mtego ulipo, maana chombo chepesi kuendesha humpa mtu imani kwamba amekijua.

Msimamizi wa tanuri hilo alikuwa injinia kijana, mwenye bidii, tena mwenye sababu ya kujiamini. Kwa muda mrefu alitibu kalibu za kufulia chuma na skrubu za mashine za plastiki: nyuzi 520 za Selsiasi, gesi ile ile, na hakuna mteja aliyerudi na maneno. Pembeni yake alikuwako fundi mkongwe ambaye kazi yake sasa ilikuwa kuosha na kupanga vifaa, na kijana wa zamu ya usiku aliyekaa na tanuri wengine wakilala.

Wiki moja zikaingia kazi tatu pamoja. Ya kwanza, gia za mkanda wa kubebea mizigo, za chuma kiitwacho 42CrMo4, chenye kromiamu na molibdeni kidogo. Ya pili, pini za minyororo za chuma hicho hicho, kila moja ikiwa na tundu la kupitishia grisi. Ya tatu ilikuwa shafti za pampu za stenlesi, aina ya 316, za mwenye kiwanda cha barafu na samaki. Shafti zake hazikuwa zikioza, sifa hiyo stenlesi inayo, ila zilikuwa zikiliwa. Kila mahali sili iliposugua palichimbika mfereji, maji yakaanza kuvuja. Si ajabu: stenlesi hiyo ikiwa haijatibiwa, ugumu wake kwa kipimo cha Vickers ni HV 200 au chini ya hapo, na mchanga mwembamba unaokuja na maji ni mgumu kuliko hivyo mara kadhaa. Mwenye kiwanda aliandika kwenye oda mstari mmoja tu: ugumu usipungue HV 1,000.

Wateja wote watatu walikuwa na haraka, na siku iliyobaki kabla ya matengenezo ya tanuri ilikuwa moja. Injinia akapiga hesabu. Kitabuni alishasoma kwamba stenlesi ya namna ile haipelekwi juu ya nyuzi 450 au karibu na hapo. Lakini kwa nyuzi 420, baada ya saa 20, tabaka gumu halizidi sana mikromita kumi, na unywele wa kichwa ni mnene kuliko hilo mara kadhaa. Akaona ni kazi bure. Tena nitrojeni ina masharti yake katika kupenya: ukitaka kina mara mbili, muda lazima uwe mara nne. Kwa saa hakuna njia ya mkato. Njia ya mkato ni joto, kwa kuwa nyuzi chache zikiongezwa, atomi hukimbia maradufu. Kwa nyuzi 540, zile zile saa 20 zingeipa stenlesi tabaka nene kupita lile mara kadhaa, gia na pini nazo zingetoka vizuri, na umeme ungelipwa mara moja badala ya mara tatu. Gesi akaiacha ile aliyoizoea, nitrojeni asilimia 25 na haidrojeni asilimia 75.

Fundi mkongwe alikuwa akipanga gia alipoona shafti zinaletwa.

"Injinia, hizi nazo zinaingia humu?"

"Zinaingia, Mzee. Leo tunapika kila kitu."

"Zinakwenda kufanya kazi wapi?"

"Kwenye pampu."

"Pampu ya maji gani?"

"Mzee wangu, oda inataka ugumu. Ugumu nitampa, tena wa kuzidi."

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akainua gia moja. "Na hizi, baada ya kuzichovya kwenye mafuta walizipasha tena kwa nyuzi ngapi?"

"Cheti chao kiko ofisini. Nitakiangalia."

Hakukiangalia. Pini nazo zilioshwa kwa nje. Ndani ya matundu yalibaki mafuta ya kukatia. Themokapo, ule waya wa kupimia joto, ikachomekwa ndani ya gia kubwa kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na tundu la kuiingiza. Mfuniko ukafungwa.

Usiku wa manane simu ya injinia ikalia.

"Bosi, samahani kukuamsha. Nachungulia kiooni, naona pini zinawaka matunduni kuliko mwilini. Mwanga umekuwa mweupe."

"Mita inasoma ngapi?"

"Mia tano arobaini. Haichezi."

"Basi tulia. Ikipanda ndio unipigie."

Haikupanda. Mita ilikuwa ikisema kweli, ila ilikuwa ikisema habari za gia kubwa peke yake. Katika tanuri la aina ile kuta ni za baridi na moto wote hutoka kwenye mapigo ya ayoni juu ya kifaa. Kifaa kidogo chenye uso mpana kuliko uzito wake hupata moto mwingi kwa mwili mdogo, na kikipangwa pamoja na kifaa kizito hukitangulia kwa nyuzi nyingi. Tundu nalo lina hatari yake ya pekee. Ule utando wa mwanga una unene, na unene huo hutegemea kanieneo ya gesi: kanieneo ikishuka utando hunenepa, ikipanda hukonda. Tundu likiwa na upana unaofanya utando wa ukuta huu ukutane na utando wa ukuta wa pili, elektroni hunaswa katikati, zikawa zinagonga huku na huku, zikivunja gesi zaidi na zaidi. Joto la mahali pale hupanda bila mtu kuliamuru. Mafuta yaliyobaki ndani huongeza moshi na cheche. Kijana wa zamu aliyaona haya yote kwa macho yake, lakini aliulizwa mita.

Asubuhi tanuri likafunguliwa. Pini kadhaa zilikuwa na midomo ya matundu iliyovimba na kuwa kijivu cha majivu, nyingine zimeungua ukingo mzima. Injinia akaumia, akazitenga, akasema hasara hii tutaibeba. Kisha akachukua shafti moja, akaiweka chini ya mashine ya kupimia, sindano ya almasi ikagandamiza. Akapima pembeni, akapima katikati. Kila alipopima alipata zaidi ya HV 1,100. Gia nazo zilipendeza juu. Akaandika vyeti, mizigo ikaondoka, na mwenye kiwanda cha samaki alipozisoma namba alimpigia kumshukuru.

Gia ndizo zilizorudi kwanza, baada ya wiki chache. Meno hayakuliwa kwa kusuguana. Ngozi ilikuwa imezama ndani na kumeguka kwa vipande, na ncha za meno zilikuwa zimebanduka kama zimeng'olewa kwa patasi. Sasa cheti kikatafutwa. Mtengenezaji alikuwa amezipasha gia tena kwa nyuzi 500 baada ya kuzichovya. Chuma cha namna hiyo hukumbuka joto lake la mwisho: kikipandishwa juu yake na kukaa huko saa nyingi, kiini hulegea. Injinia alivika ngozi ngumu juu ya mwili alioulainisha mwenyewe kwa nyuzi 540, mzigo ulipokuja mwili ukabonyea na ngozi ikavunjika. Mafundi wa kazi hii wana desturi ya kubaki chini ya joto lile la kupasha tena kwa nyuzi 20 au 30 angalau, na ndiyo maana swali la Mzee lilikuwa zito kuliko lilivyosikika.

Ncha za meno zilikuwa na kisa kingine. Nitrojeni ikiwa nyingi, juu kabisa ya chuma hujengeka tabaka jembamba ambalo si chuma tena bali ni muungano wa chuma na nitrojeni. Likitiwa asidi na kutazamwa kwa hadubini huonekana jeupe, na ndivyo linavyoitwa, tabaka jeupe. Ni gumu, halishiki haraka na chuma kingine, na linapunguza msuguano, hivyo kwenye kifaa kinachoteleza ndani ya mafuta ni la faida. Lakini halipendi kipigo. Likijengwa nene, hasa likichanganya aina zake mbili za muungano, hupasuka. Pembeni na kwenye ncha umeme hujikusanya na nitrojeni huingia kutoka pande mbili kwa pamoja, kwa hiyo huko tabaka huwa nene na jepesi kupasuka kuliko kwingine. Gia inayopokea mshtuko wa magunia yanayoanguka ilihitaji gesi yenye nitrojeni chache, labda asilimia 5, ambayo hulifanya tabaka jeupe kuwa jembamba au lisiwepo kabisa, huku nitrojeni ikiendelea kupenya chini yake. Mwenye tanuri la plazma anaweza kulichagua hilo kwa kugeuza vali mbili. Injinia aliziacha vali pale alipozikuta.

Shafti zilikaa kimya muda mrefu kuliko wote, na hilo ndilo lililozifanya ziwe hatari. Miezi ikapita. Siku moja mwenye kiwanda akaja mwenyewe, na shafti imefungwa kwenye gunia.

"Kijana wangu," alisema, akiiweka mezani, "nilikuletea stenlesi. Hii uliyonirudishia mbona kama msumari wa bati?"

Shafti ilikuwa na madoa ya kahawia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Palipokuwa na sili, kutu ilikuwa imechimba vishimo, na kingo za vishimo hivyo zilikuwa zimeichana sili vipande vipande. Pampu ilikuwa imemwaga maji ya bahari juu ya mota. Injinia akaipeleka shafti ile kwenye mashine ya kupimia, akitarajia kukuta ugumu umekimbia. Almasi ikagandamiza kwenye sehemu iliyobaki nzima, namba ikaja: bado zaidi ya HV 1,100.

Fundi mkongwe hakubishana na namba. Alikata kipande cha shafti, akakizika kwenye gundi ngumu, akakisugua kwa msasa wa maji kuanzia mkali hadi laini, akamalizia kwa kitambaa mpaka kikawa kioo. Akakidondoshea asidi, akakisuuza, akakiweka chini ya hadubini na kumwita injinia. Mwili wa stenlesi ulikuwa safi, punje zake zinaonekana. Juu yake ulipita utepe mweusi tii, mpana, kama ulivyokusudiwa. Asidi iliutafuna utepe wote na kuuacha mwili.

Weusi ule una maelezo yake. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya kromiamu iliyoyeyuka ndani yake, ambayo kwa 316 ni asilimia 16 hadi 18. Kromiamu hiyo ikigusa hewa hujenga utando mwembamba mno, wa nanomita chache, unaojiziba wenyewe kila unapokwaruzwa. Utando huo ndio stenlesi yenyewe. Ukiuondoa, kilichobaki ni chuma cha kawaida. Sasa, kromiamu huipenda nitrojeni kuliko inavyokipenda chuma. Kwa nyuzi 540 ina nguvu ya kutosha kusogea, kwa hiyo huacha nafasi yake, ikaungana na nitrojeni, na kujikusanya katika chembe ndogo ngumu. Chembe hizo ndizo zilizompa injinia namba zake nzuri. Lakini chuma kinachobaki kati ya chembe na chembe kimenyang'anywa kromiamu yake, na maji ya chumvi yakifika hukikuta uchi. Ugumu ulioandikwa kwenye cheti ulinunuliwa kwa kromiamu ile ile iliyokuwa ikizuia kutu.

Kwa nyuzi 420 mambo huwa kinyume. Atomi ya nitrojeni ni ndogo, hujipenyeza katika nafasi zilizo kati ya atomi za chuma hata kwa joto la wastani. Atomi ya kromiamu ni kubwa na imekalia nafasi ya chuma; ili ihame lazima ipate nafasi tupu jirani, na kwa joto lile haina nguvu ya kufanya hivyo kwa saa chache. Hivyo nitrojeni huingia, kromiamu hubaki mahali pake. Nitrojeni hujazana kupita kiasi ambacho chuma kingekubali katika hali ya kawaida, mpangilio mzima wa atomi ukatanuka kwa kubanwa, na kutanuka huko ndiko kunakolifanya tabaka liwe gumu. Hakuna chembe za kromiamu, hakuna chuma kilicho uchi.

Jambo hili halikujulikana tangu mwanzo. Kwa miaka mingi viwanda vilitia stenlesi nitrojeni kwa joto la kawaida la kazi, vikakubali kwamba kupata ugumu ni kupoteza kinga. Mwaka 1985 Zhang na Bell wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuitibu stenlesi kwa plazma ya joto la chini, na tabaka lililotoka lilikuwa gumu bila kupoteza kinga yake. Mwaka uliofuata Ichii, Fujimura na Takase wa Chuo Kikuu cha Kansai, Japani, walielezea tabaka la namna hiyo hiyo. Lilipopigwa eksirei lilitoa mistari ambayo haikuwamo katika majedwali yaliyojulikana. Wakalipa herufi S, na hadi leo wataalamu huliita hivyo.

Mzee akamwomba injinia ampe vipande viwili vya shafti ambayo haijatibiwa, na tanuri kwa usiku mmoja, stenlesi peke yake. Vikaoshwa vikakaushwa. Themokapo ikachomekwa kwenye kipande kinacholingana navyo. Kabla ya nitrojeni wakaacha haidrojeni na agoni zigonge kwa muda, kuondoa ule utando wa stenlesi wenyewe, kwa maana nitrojeni haipiti vizuri mpaka uondoke, na hapa plazma inaipita njia ya kawaida ya amonia kwa mbali. Kisha nyuzi 420. Walipomaliza wakapima: zaidi ya HV 1,100. Wakakata, wakasugua, wakatia asidi. Chini ya hadubini utepe ulikuwa mwembamba, na mweupe pe. Asidi ilikuwa imeuchora mwili wa stenlesi, lakini ule utepe wa juu ikaupita bila kuugusa.

Vikakaa mezani vipande viwili, cha nyuzi 540 na cha nyuzi 420. Mashine ya kupimia ugumu ilivipa hukumu moja. Kimoja kingeishi baharini, kingine kilikuwa kimeshaoza. Injinia alitazama kimoja, akatazama kingine, akauliza kama almasi haioni.

"Inaona ilichoulizwa," Mzee alimjibu. "Umeleta shahidi mmoja, naye ametoa ushahidi wake. Shahidi wa kutu hukumwita. Shahidi wa kiini cha gia hukumwita. Na yule wa zamu ya usiku alikuja mwenyewe, ukamrudisha."

Hapo kisa kinaishia, mafunzo yakaanza. Nayo si lazima ayachukue mwenye tanuri la plazma tu. Yanamfaa pia anayepeleka kifaa chake kikatibiwe mahali asipopaona.

Kwanza, joto halichaguliwi kwa kutazama kina unachokitaka, bali kwa kutazama kitu ambacho chuma hakitakiwi kukipoteza. Kwa stenlesi ni kromiamu, kwa hiyo kikomo kiko karibu na nyuzi 450, tena ukiwa na muda mrefu shuka zaidi, maana hata nyuzi 430 zikikaa saa nyingi kupita kiasi huanza kuivuta kromiamu. Kwa chuma kilichochovywa na kupashwa tena ni nguvu ya kiini, na kikomo kiko kwenye cheti cha mtengenezaji. Tabaka la mikromita kumi na kitu lililo zima ni bora kuliko utepe mpana ulio mweusi. Na kama tabaka jembamba halitoshi kwa mzigo uliopo, basi tatizo ni aina ya chuma au umbo la kifaa, na dawa yake haimo ndani ya tanuri.

Pili, gesi na kanieneo si vitu vya kurithi kutoka kazi ya jana. Nitrojeni nyingi ni kwa kifaa kinachoteleza; chache ni kwa kinachopigwa. Kanieneo huchaguliwa kwa kutazama matundu na mifereji ya kifaa: ama utando wa mwanga uwe mwembamba uambae ukuta wa tundu bila kukutana na mwenzake, ama tundu lizibwe kwa skrubu ya chuma kazi imalizike. Kuziba ni rahisi, hata sehemu isiyotakiwa kuwa ngumu hufunikwa tu kwa kipande cha bati, kwani pasipofika ayoni hapafiki nitrojeni. Tundu lililobaki na mafuta halina kanieneo inayolifaa, litaoshwa kwanza.

Tatu, mzigo mmoja uwe wa jamii moja: chuma kimoja, ukubwa unaokaribiana, na themokapo iwe ndani ya kifaa kinacholingana na vingine. Wapo waliojenga matanuri yenye kuta za moto, na wengine huzungushia vifaa kizimba cha chuma chenye matundu kinachopokea mapigo badala ya vifaa vyenyewe. Hayo yamepunguza tofauti za joto na hatari ya matundu. Ila hayajamwondolea mtu wajibu wa kuchungulia kiooni. Mita ikisema hivi na jicho likisema vile, punguza umeme kwanza, ubishi baadaye. Na kazi ikiisha tanuri liachwe lipoe lenyewe, bila kufunguliwa kwa pupa, hewa isije ikakiunguza kifaa chenye moto kikawa na rangi ya samawati.

Nne, namba ya ugumu isiachiwe kuwa cheti chote. Weka vipande vya majaribio pamoja na mzigo, ukate kimoja, ukitie asidi, ukitazame. Kwa kifaa cha stenlesi, kimoja kikae kwenye ukungu wa chumvi kabla mzigo haujaondoka. Kazi ya asubuhi moja ya msasa na hadubini ingeziokoa shafti zote.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Pupa ya injinia wetu haikuwa ya mvivu wala ya mwizi. Alikuwa mtu aliyeombwa kitu kimoja akakitoa kwa wingi, na ndiyo maana hakujishtukia. Mteja naye ana fungu lake katika hasara ile: alijua pampu yake inavuta maji ya bahari, akadhani fundi atakisia. Oda ikitaja ugumu peke yake, haijakamilika. Iandike kifaa ni chuma gani, kilipashwa tena kwa nyuzi ngapi, kinagusa nini, kinapigwa au kinateleza, na kinakaa kwenye maji gani. Asiyeyaandika hayo asishangae akiletewa namba aliyoiomba. Na fundi anayepokea oda isiyo na mistari hiyo asiwashe tanuri. Airudishe kwa mwenyewe ikajazwe.